Seva Nzima, Sauti Mbovu: Uzoefu wa Kulinda Mtambo wa Mawasiliano Jijini Tanga

Kampuni za uwakala wa forodha hapa Tanga huishi kwa simu na barua pepe. Meli ikishafunga gatini, wakala hana muda wa kusubiri: ni lazima azungumze na mwenye mzigo aliyeko Arusha au Moshi, apokee hati za shehena kutoka kwa wakala wa meli, atume nyaraka Dar es Salaam, na amwelekeze dereva aliyepanga foleni langoni. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuangalia seva inayobeba mazungumzo hayo yote katika kampuni moja ya aina hiyo, yenye ofisi kuu karibu na bandari, ghala upande wa Pongwe, na kituo kidogo Horohoro kwenye mpaka wa Kenya. Seva hiyo huunganisha simu za mezani za sehemu zote tatu kwa njia ya mtandao, hupitisha simu za nje kwa kampuni ya simu, na hupokea na kusafirisha barua pepe. Programu ya simu ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, na ya barua pepe ni Postfix, kazi ya Wietse Venema. Zote mbili ni programu huria, na zote mbili hueleza hali yake waziwazi kwa anayejua kuuliza.

Kuangalia seva yoyote huanza na vipimo vya mashine yenyewe: prosesa inatumika kwa kiasi gani, kumbukumbu iliyobaki ni kiasi gani, diski imejaa kiasi gani, na programu muhimu zinaendelea kufanya kazi au zimesimama. Vipimo hivyo vinahitajika, nasi tunavikusanya kwa Zabbix, programu ya kuangalia mitambo, ambayo huviuliza kila dakika na kuvichora kwenye grafu. Lakini mashine inaweza kuwa nzima kabisa huku watu wanaoitegemea hawaelewani kwenye simu. Seva hujibu maswali kuhusu seva. Haiwezi kueleza kile kilichofika sikioni mwa karani wa Horohoro, kwa kuwa kati yake na karani huyo kuna swichi ya mtandao, ruta mbili (mashine zinazoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine), faiba inayomilikiwa na wengine, na waya wa mita chache unaopita chini ya meza. Anayetaka kujua hali ya mawasiliano hana budi kupima pale mawasiliano yanapoishia.

Niliuelewa ukweli huo kwa tatizo lililokuwa likijitokeza mchana tu. Mama wa mapokezi, ambaye yuko kazini tangu ofisi ilipokuwa na laini mbili za simu, aliniita baada ya kuitikia shikamoo yangu akaniambia, “Mwanangu, hii simu mchana inanila maneno. Asubuhi tunasikizana vizuri, ikifika saa nane wananiambia sauti yangu ni ya roboti, na maneno mengine hayafiki kabisa.” Nilifungua grafu za seva. Prosesa haikufika hata robo ya uwezo wake, kumbukumbu ilikuwa tele, diski ilikuwa imetulia, na hakuna programu iliyokuwa imesimama. Kwa mujibu wa vipimo vyetu vya wakati ule, mama alikuwa akilalamikia kitu ambacho hakikuwapo. Mimi nilimwamini mama kuliko grafu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kwenye simu.

Saa nane ya mama ilinipa kazi yake pia. Kwenye grafu ilikuwa saa 14, na kwenye kumbukumbu za matukio za seva, ambazo huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, ilikuwa saa 11, kwa kuwa Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Fundi asiyeweka hesabu hiyo sawa atasoma matukio ya asubuhi akidhani ni ya mchana. Ndiyo maana nasisitiza kwamba saa za mashine zote, yaani seva, ruta, swichi na hata simu za mezani, zisahihishwe kutoka chanzo kimoja. Bila hivyo, kulinganisha malalamiko ya mtu na maandishi ya mashine ni kupapasa gizani.

Ili ieleweke nilichokuwa nakitafuta, inafaa kueleza jinsi sauti inavyosafiri. Simu ya mtandao huikata sauti vipande vya milisekunde 20 na kukituma kila kipande katika pakiti yake, hivyo pakiti 50 huondoka kila sekunde kwa kila upande wa mazungumzo. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida, sauti yenyewe ni kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza anwani na vichwa vya pakiti inafika 80 kabla hata haijaingia kwenye waya. Pakiti hizo zinaweza kupatwa na mambo matatu: kupotea njiani, kuchelewa, au kufika kwa vipindi visivyo sawa, hali ambayo mafundi huiita jita. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la G.114, linashauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili kama mazungumzo yataendelea bila taabu. Zaidi ya hapo watu huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Jita nayo hulazimisha simu kuziweka pakiti kidogo kabla ya kuzicheza, na pakiti inayochelewa kupita akiba hiyo hutupwa, hata kama imefika ikiwa nzima. Hapo ndipo maneno “huliwa”.

Habari njema ni kwamba simu yenyewe huyajua haya yote na iko tayari kuyasema. Sambamba na sauti, kila upande hutuma taarifa fupi kila baada ya sekunde chache, ukisema umepokea pakiti ngapi, ngapi hazikufika, na jita ni kiasi gani. Asterisk huzipokea taarifa hizo, na kinachotakiwa ni kuziandika mwisho wa kila simu pamoja na namba zilizohusika. Tulipoanza kuziandika, picha ilibadilika mara moja. Simu za ndani ya jengo zilikuwa safi mchana na asubuhi. Simu zilizotoka nje ya jengo, ziwe za Horohoro au za Dar es Salaam, ziliharibika mchana, tena upande mmoja tu: sisi tuliwasikia wao vizuri, wao hawakutusikia sisi, na mama wa mapokezi alikuwa akiyapata malalamiko hayo pamoja na mwangwi wa kuchelewa. Kosa lilikuwa kwenye njia ya kutoka.

Nikapima muda wa kwenda na kurudi hadi Dar es Salaam. Kwa barabara ni kilomita zipatazo 350, na mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali peke yake unadai chini ya milisekunde mbili kwa kila upande. Hata faiba ikizunguka mara mbili ya hapo, bado ni kidogo mno. Asubuhi vipimo vilikuwa vya kuridhisha. Mchana vilipanda hadi mamia ya milisekunde, na ongezeko kama hilo halisababishwi na umbali, ni pakiti zinazosubiri foleni mahali fulani. Foleni tuliikuta ndani ya ruta yetu wenyewe. Makarani wa nyaraka walikuwa na desturi, ya maana kabisa kwa kazi yao, ya kukusanya hati za siku, kuziskani zote baada ya chakula cha mchana, na kuzituma kwa pamoja. Mafaili makubwa yalijaza njia ya kutoka, nayo sauti ikapangwa nyuma yake kama kitu chochote kingine.

Tiba yake haikuhitaji kununua chochote. Pakiti za sauti hupewa alama, ile inayoandikwa DSCP 46, na ruta huagizwa kuzipitisha kwanza na kuyawekea mafaili ukomo kidogo chini ya uwezo wa laini, ili foleni isijengeke hata kidogo. Tulizungumza pia na makarani, nao wakakubali kupunguza ukubwa wa picha za skana, kwa kuwa hati inasomeka vizuri bila rangi zote zile. Baada ya hapo nikaacha vipimo viendelee kwa wiki kadhaa kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba tatizo limekwisha, na mama wa mapokezi ndiye niliyemuuliza kwanza.

Tangu wakati huo, vipimo vilivyo mbele ya macho yangu kila siku ni vya mtumiaji. Kwenye ubao wa juu kabisa nimeweka asilimia ya simu zilizopoteza pakiti kupita moja kwa mia, jita ya kila ofisi, na alama ya ubora wa sauti inayoitwa MOS, ambayo huanzia 1 hadi 5. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na vipimo vilivyotangulia, na G.711 haifiki 5 hata mtandao ukiwa safi kabisa. Kwetu, ikishuka chini ya 4 kwa ofisi nzima naanza kuuliza maswali, na ikikaribia 3.5 najua simu zitaanza kulia mezani kwangu. Prosesa na diski ziko kwenye ukurasa wa pili. Wapo mafundi wenzangu wasioukubali mpangilio huu, na naelewa hoja yao kwamba diski ikijaa kila kitu kinasimama, lakini ukurasa wa pili haujafutwa, nao una tahadhari zake.

Pamoja na hayo, hatusubiri mtu apige simu ndipo tujue kwamba haipiti. Kompyuta ndogo iliyoko Horohoro hupiga simu ya majaribio kila baada ya dakika chache kwenda ofisi kuu, hucheza mlio unaojulikana, na kupima kama mlio ule umerudi kamili. Nyingine hupiga namba ya nje kupitia kampuni ya simu, kwa sababu ipo hali ambapo simu za ndani zinakwenda vizuri na za nje hazitoki, na seva haioni ubaya wowote. Barua pepe ya majaribio nayo hutumwa kwenye sanduku la nje na kujibiwa yenyewe, muda wa safari ukaandikwa. Naviamini vipimo hivi kuliko vingine vyote.

Daftari la mapokezi ni kipimo kingine, na simuonei haya anayekiona cha kizamani. Tulikubaliana na mama kwamba kila anayelalamika aandikwe saa, namba aliyoipiga, na maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyatafsiri kiufundi. Maneno hayo yana thamani kubwa. “Ananisikia, mimi simsikii” mara nyingi ni ruta inayobadilisha anwani na kuipeleka sauti pasipo na mtu. “Inakatika yenyewe, kila mara muda uleule” iliponifikia kutoka ghalani Pongwe, nilimwomba mzee wa ghala ahesabu sekunde, naye akaniambia ni kama nusu dakika na kidogo. Katika kanuni za SIP, utaratibu ambao simu za mtandao huutumia kuanzisha na kukata mazungumzo, upande uliopokea simu usipopata ithibati ya mwisho kutoka kwa mpigaji huirudia taarifa yake kwa sekunde 32, kisha hukata. Kabla hata sijaondoka ofisini nilikwishajua kwamba ithibati ilikuwa ikipotea kwenye ruta ya ghala, na kwa hilo shukrani ni za mzee na hesabu yake.

Kipimo hakina maana pasipo kuijua siku ya kawaida. Ya kwetu hufuata meli. Siku ambayo hakuna shehena, idadi ya simu kwa wakati mmoja ni ndogo na foleni ya barua pepe huwa tupu karibu muda wote; meli ikiingia, simu huongezeka tangu alfajiri na barua huja kwa mkupuo. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, hivyo kazi ilitawanyika. Baada ya kina cha gati kuongezwa hadi mita 13, meli hufunga gatini zenyewe na mizigo hushuka kwa kasi zaidi, nasi tuliliona hilo kwenye grafu zetu. Viwango vya tahadhari tulivyoviweka kwa ajili ya matishari vilianza kulia bila sababu. Tuliviweka upya kwa kulinganisha siku ya meli na siku nyingine ya meli, na siku tulivu na siku tulivu.

Kwa upande wa barua pepe, kipimo kinachosema mengi ni umri wa barua iliyokaa muda mrefu kuliko zote kwenye foleni. Idadi peke yake hupotosha, kwa kuwa barua mia zilizoingia dakika hii zitaondoka dakika ijayo, lakini barua moja iliyokaa saa sita ina habari ya kusimulia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilipokatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, foleni ndiyo iliyotangulia kuniambia. Barua za wakala wa meli walioko ng’ambo zilianza kuzeeka, huku zile za Dar es Salaam zikiondoka kama kawaida. Simu kati ya Tanga, Pongwe na Horohoro hazikuguswa, kwa kuwa seva iko hapa nyumbani na njia zake haziendi baharini. Jumatatu asubuhi niliweza kuwaeleza wakuu kinachofanya kazi na kisichofanya, na kwamba barua zilizokwama hazijapotea, kwani Postfix hurudia kuzituma kwa siku tano kabla ya kukata tamaa. Nadhani kila mwenye seva angepaswa kuchora njia ya kila huduma yake mapema, hadi nchi inakopita, wakati hakuna kilichokatika.

Hali ya hewa ya Tanga ni sehemu ya kazi hii. Kati ya Januari na Machi joto huzidi nyuzi 30 mchana na unyevu hauondoki, na upepo wa bahari huleta chumvi inayokula viungo vya shaba na kulowesha vumbi kwenye feni. Wataalamu wa vyumba vya mitambo hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kipima joto chetu kiko mbele ya seva, pale inapovuta hewa. Kikiwekwa ukutani chini ya kiyoyozi kitatoa habari za kiyoyozi. Betri za akiba nazo huumia kwa joto: kwa kanuni wanayoitumia mafundi, kila nyuzi kumi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa takriban nusu. Kwa hiyo hatutegemei taa ya kijani. Tunazima umeme kwa makusudi nje ya saa za kazi, tunapima betri imehimili dakika ngapi, na tunaandika.

Diski zetu hujazwa zaidi na sauti zilizorekodiwa, kwa sababu maagizo ya wateja hutunzwa endapo patatokea ubishi. Saa moja ya mazungumzo yasiyobanwa huchukua karibu megabaiti 58, na siku ya meli hujaza gigabaiti kadhaa. Asilimia ya diski iliyojaa hainisaidii sana. Ninachokitaka ni idadi ya siku zilizobaki kwa mwendo wa sasa, nayo Zabbix hukokotoa bila shida. Sekta mbovu zinazoanza kuhamishwa ndani ya diski ni sababu tosha ya kuagiza diski mpya siku ileile, kwa kuwa kipuri hakipatikani kila mara hapa mjini.

Kuhusu tahadhari zenyewe nina msimamo mkali. Ujumbe unaokuja usiku na kumkuta mtu ambaye hana la kufanya humfundisha kupuuza ujumbe unaofuata. Kila tahadhari tuliyoibakiza ina mwenyewe na ina hatua moja iliyoandikwa, na iliyokosa kimojawapo tuliiondoa. Mashine ya kuangalia haikai ndani ya seva inayoangaliwa, na ujumbe wake hutoka kwa SMS kupitia modemu yenye laini ya simu ya mkononi, kwa sababu barua pepe haiwezi kuleta habari kwamba barua pepe imekufa. Tahadhari ninayoamkia bila kusita ni ya simu za usiku kwenda nchi ambazo hatuna biashara nazo. Wezi hutembeza programu kwenye intaneti nzima wakigonga mlango wa 5060, ambao seva za simu hupokelea maombi ya SIP, na kubahatisha nywila, na anayefanikiwa anaweza kupiga simu za gharama kubwa hadi asubuhi.

Kabla ya masika yajayo nina mambo mawili mezani. Vyeti vya usalama vya seva, ambavyo vinadumu siku 90 na hujihuisha vyenyewe, vinahitaji kipimo cha siku zilizobaki kinachosomwa kutoka nje, kama simu zinavyokiona cheti. Na Horohoro inahitaji njia ya pili. Nimewapa wakuu grafu za upotevu wa pakiti za kituo hicho kwa siku za mvua zikiwa kando ya tarehe za mizigo iliyochelewa mpakani, na fundi kijana ninayefanya naye kazi amekwishapanda huko na modemu ya majaribio kupima nguvu ya mawimbi kwenye kila dirisha la ofisi.